Lugha ya Jarida la Afya Lisilouzwa: Maneno ya VVU na Msomaji wa Kosele

1. Utangulizi

Kosele ni kituo cha soko katika Kaunti ya Homa Bay, upande wa Oyugis, magharibi mwa Kenya. Wakazi wake walio wengi ni Waluo, na lugha yao ya nyumbani ni Dholuo. Kiswahili hukisikia sokoni, garini, redioni na shuleni; Kiingereza hukiona zaidi katika karatasi za serikali na katika kadi za zahanati. Kwa hiyo mtu wa Kosele anayeishi na virusi vya UKIMWI hupashwa habari za mwili wake mwenyewe kwa lugha tatu, na mara nyingi hana budi kuziunganisha habari hizo peke yake, usiku, akiwa na karatasi mkononi.

Makala hii yakusudia kuchunguza karatasi ya namna moja tu miongoni mwa hizo, nayo ni jarida la afya la jamii linalotolewa bila malipo kwa watu wanaoishi na VVU. Swali letu ni la lugha: je, maneno ya Kiswahili yaliyokwisha kuzoeleka katika majarida ya namna hiyo humwambia msomaji jambo lile lile ambalo mwandishi alikusudia kumwambia? Mifano ya sentensi itakayotolewa imetungwa na mwandishi wa makala hii kwa kufuata mtindo wa majarida hayo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini idara ya lugha ijishughulishe na jambo la waganga. Jibu ni kwamba neno likikosewa katika hadithi, hadithi hupungukiwa na ladha. Lakini likikosewa katika jarida la afya, mtu aweza kuacha dawa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima watu 4.9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na VVU. Katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa 19.6, na katika Migori 13.0. Huko Ndhiwa, katika Homa Bay hiyo hiyo, uchunguzi wa mwaka 2012 ulikwisha kuonyesha kiasi cha watu 24 katika kila 100 ya watu wazima. Mahali palipo na hesabu kama hizo, msamiati wa ugonjwa ni sehemu ya maongezi ya kila siku, wala hauwezi kuachiwa wataalamu wa maabara peke yao.

2. Majarida yenyewe

Majarida ya bure yanayozungumzia UKIMWI yana historia ya kutosha katika Afrika Mashariki. Nchini Uganda, gazeti la vijana la Straight Talk lilianza mwaka 1993, likisambazwa ndani ya gazeti kubwa la kila siku. Baadaye likaandikwa kwa lugha kadhaa za nchi hiyo. Nchini Tanzania, jarida la Femina lilianza mwaka 1999, na shirika lile lile likaanzisha jarida la Si Mchezo! mwaka 2003 kwa ajili ya vijana na watu wa vijijini. Si Mchezo! liliandikwa kwa Kiswahili chepesi, likatumia hadithi za picha na maelezo ya watu wa kawaida kuhusu maisha yao, na likagawiwa bure.

Ni muhimu kutambua kwamba majarida haya yalizaliwa katika kipindi ambacho shabaha kubwa ilikuwa kumwonya yule ambaye hajaambukizwa. Dawa zilikuwa adimu na ghali. Katika Hospitali ya Homa Bay dawa zilianza kutolewa bila malipo mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, na ilipofika mwaka 2006 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya dawa hizo katika hospitali zake zote. Tangu hapo msomaji alibadilika. Yule aliyekuwa akisoma ili aepuke ugonjwa sasa anasoma ili aishi nao kwa miaka thelathini au arobaini. Je, lugha nayo ilibadilika? Hoja yetu ni kwamba ilibadilika kwa sehemu tu, na kwamba ndani ya jarida moja hukutana maneno ya vipindi mbalimbali ambayo hayapatani.

3. Kuutaja ugonjwa

Majina ya kwanza ya ugonjwa huu yalitoka kwa watu, hayakutoka kwa wataalamu. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Nchini Uganda uliitwa Slim kwa sababu ya kukondesha. Mitaani Dar es Salaam zilizuka tafsida kama vile ngoma, mdudu na umeme, na aliyeambukizwa akasemwa kuwa amekanyaga miwaya. Jinsi sitiari hizo zilivyobadilika kadiri ugonjwa ulivyoeleweka imechunguzwa na Aldin Mutembei katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden ya mwaka 2001, iliyohusu fasihi simulizi ya Wahaya.

Katika nchi ya Waluo mambo yalikuwa na sura nyingine. Lilikuwako tayari neno chira, lenye maana ya maradhi ya kukonda na kudhoofika yanayompata mtu au jamaa yake kwa sababu ya kuvunja mwiko. Ugonjwa mpya ulipoingia ulifanana mno na chira kwa dalili zake, na kwa wengi ukawa ni chira. Neno ayaki ndilo lililokuja kuwa jina la UKIMWI wenyewe, na virusi huitwa kute mag ayaki, yaani wadudu wa ayaki. Tofauti ya chira na ayaki si ya majina tu. Chira ina kosa, ina mkosaji, na ina namna yake ya kutakaswa. Kute hawana kosa, ni wadudu. Msomaji anayevuka kutoka neno la kwanza hadi la pili huwa amevuka kutoka hukumu hadi uganga.

Kiswahili sanifu kilichagua kifupisho: UKIMWI, kutokana na Ukosefu wa Kinga Mwilini, au kama inavyosemwa zaidi sasa, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kifupisho hiki kilifanikiwa sana kwa sababu kina silabi za Kiswahili na huingia katika ngeli bila taabu: UKIMWI umeenea, UKIMWI unazuilika. Mabadiliko kutoka ukosefu hadi upungufu yalikuwa ya busara, maana aliyekosa hana kitu, bali aliyepungukiwa aweza kuongezewa.

VVU, yaani virusi vya UKIMWI, hakina bahati hiyo. Hakitamkiki kama neno. Tanzania kimezoeleka katika maandishi, lakini Kenya watu wengi hutamka herufi za Kiingereza. Neno virusi lenyewe lina jambo la kuwavutia wanaisimu: neno la kigeni lenye silabi vi- mwanzoni lilidhaniwa kuwa la wingi, likazaliwa umoja wake kirusi, ingawa neno hilo lilikwisha kuwa jina la lugha ya Urusi. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kufurahisha. Kwa mwandishi wa jarida ni onyo kwamba UKIMWI na VVU visitumiwe kama visawe. Mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri aweza kuishi maisha yake yote bila kupata UKIMWI. Jarida linaloandika "wenye UKIMWI" mahali pa "wenye VVU" limempa msomaji wake ugonjwa asio nao.

4. Kumtaja mtu

Baada ya ugonjwa huja mtu. Hapa Kiswahili kimepitia majina matatu: mgonjwa wa UKIMWI, mwathirika, na mtu anayeishi na VVU.

La kwanza latuama juu ya kulala kitandani. Halimfai mkulima wa Kosele ambaye jana alipalilia mahindi yake na leo ameyapeleka sokoni. La pili, mwathirika, limetokana na kitenzi kuathirika, nacho kiko katika kauli ya kutendeka. Kauli hii humweleza mtu kwa hali iliyomfikia bila kumtaja mtendaji, kama vile chungu kilivyovunjika. Kosa la mtu limeondolewa, na hilo ni jema. Lakini uwezo wake nao umeondolewa. Kilichovunjika hakijiungi chenyewe. Aidha, mwathirika hutumiwa pia kwa yatima, kwa mjane na kwa jamaa yeyote aliyeguswa na ugonjwa, hata msomaji asijue anayesemwa ni nani.

La tatu ni refu, na warefu hawapendwi na wahariri wenye nafasi ndogo. Hata hivyo lina sifa ambayo mengine hayana: mtu ndiye kiima, na kitenzi chake ni kuishi. Tena linatafsirika kwa Dholuo bila kulazimishwa, maana kitenzi dak, yaani kukaa au kuishi mahali, kinabeba maana iyo hiyo ya kukaa pamoja na kitu kwa muda mrefu. Nchini Tanzania limefupishwa kuwa WAVIU. Kifupisho hicho chafaa katika taarifa za mashirika. Katika jarida la kusomwa nyumbani chaweza kuwafanya watu waonekane kama kabila jipya.

Kuna na jozi ya maneno chanya na hasi. Maneno haya yametoka katika hisabati, na huko hayana lawama. Lakini katika matumizi ya kawaida chanya ni jema na hasi ni baya. Msomaji akiambiwa kwamba majibu yake ni chanya, aweza kushukuru kabla ya kuelewa. Kueleza jambo lenyewe ni salama zaidi: "kipimo kimeonyesha kwamba una virusi."

5. Majina matatu ya dawa

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala. Dawa za VVU zimepewa kwa Kiswahili majina matatu yaliyoenea, na kila jina hubeba ndani yake maelekezo ya siri kuhusu namna ya kuzitumia.

Jina la kwanza ni dawa za kurefusha maisha. Lilifaa katika miaka ambayo kila mtu alijua kwamba kifo kilikuwa karibu, na aliyepata miezi kadhaa alishukuru. Lakini kirefushwacho ni kile kilichokuwa kimekwisha kufikia mwisho wake. Kijana wa miaka ishirini aliyepimwa wiki iliyopita, ambaye hana homa wala kikohozi, ataona jina hili halimhusu: maisha yake bado ni marefu. Tangu mwaka 2016 utaratibu wa Kenya ni kwamba kila aliyeonekana kuwa na virusi aanze dawa bila kungoja kudhoofika. Jina la zamani lasema kinyume chake.

Jina la pili ni dawa za kupunguza makali, na ndilo linalosikika sana Kenya. Ni Kiswahili kizuri sana. Twasema makali ya kisu, makali ya njaa, makali ya maisha. Lakini tuangalie jinsi neno hili linavyotumika. Mtu hula kipande cha muhogo kupunguza makali ya njaa. Njaa ikishapungua, huacha kula. Makali ni kitu kinachosikiwa na mwili. Yasiposikiwa, hayapo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba dawa zake ni za kupunguza makali, na asiyesikia makali yoyote, ana sababu nzuri ya kuziacha, na sababu hiyo amepewa na lugha. Tabibu atamwita mzembe, kumbe amefuata maana ya neno kama wafuatavyo wenye lugha.

Jina la tatu, dawa za kufubaza virusi, limetoka Tanzania. Kufubaa ni kupoteza ung'avu au nguvu, kama rangi ya kitambaa inavyofubaa juani. Jina hili lina ubora wa wazi kwamba kitendwa chake ni virusi, wala si maumivu wala maisha. Kazi ya dawa inafanywa juu ya kitu kisichosikiwa, kwa hiyo kutosikia maumivu si hoja ya kuziacha. Tena hali ya kufubaa hudumu maadamu kinachofubaza kipo. Upungufu wake ni kwamba neno lenyewe si la kila siku, hasa magharibi mwa Kenya. Msomaji wa Kosele huenda akalikuta kwa mara ya kwanza katika jarida. Lakini upungufu huo unarekebishika. Neno geni lililofafanuliwa vizuri katika ukurasa wa kwanza lina faida kuliko neno la kawaida linalopotosha kimya kimya.

Neno tiba nalo lataka tahadhari. Katika Kiswahili tiba ni kazi ya kutibu na pia ni kupona kunakotokana nayo. Sentensi "tiba ya VVU ipo na ni bure" ni kweli kwa maana ya kwanza na ni uongo kwa maana ya pili. Yatupasa kuandika "dawa zipo na ni bure", kisha kueleza zinafanya nini.

6. Kitu kisichoonekana

Maendeleo makubwa ya miaka ya karibuni ni kuthibitishwa kwamba mtu anayetumia dawa kila siku, na ambaye virusi katika damu yake vimepungua hata kipimo kisiweze kuvigundua, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Tangu mwaka 2016 habari hii imetangazwa duniani kote. Ni habari ya ukombozi kwa ndoa nyingi, hasa zile ambazo mmoja ana virusi na mwenzake hana. Lakini kuieleza kwa Kiswahili si kazi rahisi.

Tafsiri ya kwanza inayomjia mwandishi ni "virusi havionekani". Kwa bahati mbaya, kuonekana kwa Kiswahili ni zaidi ya kufikiwa na jicho. Tukisema "Juma haonekani siku hizi", maana yake ni kwamba hayupo, amehama. Basi "virusi havionekani" husomeka kama "virusi vimeondoka", na aliyeondokewa na virusi hahitaji dawa. Neno la furaha limekuwa mtego.

Kuna kikwazo kingine cha kisarufi. Dholuo ni lugha ya Kiniloti, wala haina mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu. Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja ni kimoja, kwa mtu na kwa kitu. Msemaji wa Kiswahili akisoma "ukimeza vizuri havionekani tena" hujua kwa -vi- kwamba kinachosemwa ni virusi. Msomaji aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, tena kwa miaka michache ya shule, aweza kupotewa na kiambishi hicho, akabaki na kitenzi kisicho na mwenyewe: kuna kitu hakionekani, lakini ni kitu gani? Kwa hiyo nomino irudiwe. Marudio ambayo mhariri wa riwaya angeyafuta, mhariri wa jarida la afya ayaache.

Twapendekeza maelezo yenye hatua nne, kila hatua ikiwa sentensi kamili: "Dawa zimefubaza virusi. Virusi vimekuwa vichache mno, hata kipimo cha damu hakiwezi kuvigundua. Lakini virusi bado vimo mwilini, na ukiacha dawa virusi vitaongezeka tena. Maadamu kipimo hakivigundui, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana." Mama anayenyonyesha aongezewe ya tano, kwamba kunyonyesha kuna maelekezo yake na ayapate kwa muuguzi. Maelezo haya ni marefu kuliko msemo wa bango, lakini hayana mlango wa nyuma.

Kwa anayetaka mfano, jikoni upo. Kaa la moto lililofukiwa jivuni halionekani wala halimchomi mtoto apitaye karibu. Lakini limo, na jivu likiondolewa moto huwaka. Jivu ndiyo dawa ya kila siku. Mfano huu haumtishi msomaji, wala haumdanganyi.

Hatuna budi pia kuvisifu vipengele ambavyo Kiswahili kimefaulu. Magonjwa nyemelezi ni istilahi bora sana: maradhi yanayongoja nguvu zipungue yamepewa kitenzi cha mnyama anayevizia. Unyanyapaa nao, kutokana na kunyanyapaa, yaani kumtenga mtu kwa kinyaa, umetaja dhambi ya mtengaji badala ya aibu ya mtengwa. Mkanda wa jeshi, jina la vipele vinavyozunguka kiuno upande mmoja, humwezesha mtu kuutambua ugonjwa kwa macho. Maneno haya yanafundisha yenyewe.

7. Methali na adabu ya msemaji

Jarida la Kiswahili lisilo na methali hudhaniwa halina chumvi. Lakini methali nazo zichunguzwe. "Kinga ni bora kuliko tiba" ni kauli ya kweli kwa yule ambaye hajaambukizwa. Kwa yule aliyekwisha kuambukizwa ni sawa na kumwambia kwamba amechelewa. Isitoshe, neno kinga limebeba mizigo mitatu katika maandishi haya: nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi, hatua ya kujihadhari, na mpira wa kondomu. Sentensi "kinga yako imepungua, tumia kinga" haieleweki ila kwa aliyekwisha kuielewa.

Kadhalika "Mficha maradhi kilio kitamfichua." Methali hii ina hekima pale inapomhimiza mtu kwenda kupimwa. Ikitumiwa kumsukuma atangaze hali yake mbele ya kijiji, yaweza kumletea mtu madhara, maana wako walioachwa na waume zao au kufukuzwa nyumbani baada ya kutangaza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU inailinda siri ya mtu. Methali ya jarida isiipinge sheria.

Kuhusu nafsi ya msemaji, mengi ya maandishi ya afya yamejaa amri: meza, acha, nenda, epuka. Katika jamii zetu kijana hamwamrishi mzee hivyo, wala mtu hamwamrishi mama mkwe. Walioanza dawa mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa ni wazee, na jarida linaloandikwa kana kwamba msomaji daima ni kijana aliyekosea njia linawavunjia heshima. Kiswahili kina dhamira tegemezi, na kazi yake mojawapo ni adabu hii: "umeze dawa saa ile ile kila siku", "tafadhali usiache bila kumwuliza mhudumu". Na pale mwandishi mwenyewe anapoishi na virusi, nafsi ya kwanza wingi ndiyo yenye nguvu kuliko zote: "sisi tunaomeza dawa hizi". Hapo jarida huacha kuwa tangazo, likawa mazungumzo.

8. Jalada, siri na neno bure

Jarida la namna hii husomwa mahali lilipogawiwa, kisha hubebwa nyumbani. Hapo huanza taabu ya jalada. Jarida lenye maandishi makubwa "Kwa Wenye VVU" humtangaza yule aliyelishika. Litaachwa kwenye benchi la zahanati au litafichwa chini ya godoro, na jarida lililofichwa halisomwi na mke, mume wala mtoto. Jina kama Si Mchezo! limetatua jambo hili kwa ustadi: lasema kuna jambo zito bila kusema ni la nani. Tena jarida likichanganya habari za VVU na za kisukari, malaria, lishe na kilimo, mwenye kulisoma aweza kuwa mtu yeyote.

Neno bure lenyewe lina pande mbili. Kitu cha bure hakilipiwi. Lakini pia kazi bure ni kazi isiyo na faida, na mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. Jarida lenye neno "bure" jaladani limejishusha kabla halijafunguliwa. Heri kuandika "haliuzwi". Neno hilo lamkataza mchuuzi, na halimwambii msomaji kwamba alichopewa hakina thamani.

9. Lugha ipi?

Haiwezekani kumaliza bila kuuliza kama jarida la Kosele liandikwe kwa Kiswahili hata kidogo. Hoja za Dholuo ni nzito. Biblia kamili ya Dholuo ilitoka mwaka 1953, na wazee wengi wanaosoma kwa taabu lugha nyingine husoma Dholuo kanisani. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Waliotoka shuleni kabla ya hapo, nao ndio walio sehemu kubwa ya wazee wanaotumia dawa, hawakukisoma kwa kiwango hicho.

Lakini Homa Bay na Migori si nchi ya Dholuo peke yake. Wako Wasuba, Wakuria, na majirani Wagusii. Mpaka wa Tanzania uko karibu, na ng'ambo yake, Tarime na Rorya, Wakuria na Waluo husoma Kiswahili tangu darasa la kwanza. Mtu anayefanya biashara Isebania leo na kuchukua dawa upande wa pili kesho ahitaji maneno yanayotambulika pande zote mbili. Kiswahili ndicho kinachoweza kazi hiyo.

Basi tusishindanishe lugha hizi. Jarida lenye kurasa chache laweza kuwa la Kiswahili, likawa na ukurasa wa Dholuo unaoeleza maneno kumi magumu: yanamaanisha nini, na hayamaanishi nini. Ukurasa huo ungekatwa na kubandikwa ukutani, na wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wangeutumia hata kwa asiyesoma.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya dawa yana maelekezo ndani yake, kwamba kitenzi kuonekana chaweza kumfanya mtu aache dawa katika siku yake ya ushindi, na kwamba methali, amri na jalada ni mambo ya lugha sawa na istilahi zenyewe. Twapendekeza, kwa muhtasari, kwamba jina dawa za kufubaza virusi litumiwe pande zote mbili za mpaka na lifafanuliwe kila toleo. Kwamba VVU na UKIMWI vitenganishwe bila kuchoka. Kwamba nomino irudiwe pale maisha yanapotegemea kiambishi. Na kwamba kila toleo lisomwe kwa sauti na watumiaji wachache wa dawa, wakaulizwa wameelewa nini, kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na misaada hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo mkubwa wa huduma za VVU nchini Kenya tangu miaka ya 2000. Huduma zinapopungua, wa kwanza kutoonekana ni yule mhudumu aliyekuwa akieleza kwa mdomo. Karatasi aliyoiacha ndiyo inayobaki. Idara zetu za lugha zina watu wanaojua ngeli, kauli na maana; kazi ya kuisoma karatasi hiyo kabla haijafika Kosele ni yao pia.